Fungate Yangu Nimeimaliza Ziwani

Naivasha, kando ya ziwa

Hapana, Mama, sirudi peke yangu, wala Elia hatakuja kunichukua baadaye kama mtu aliyesahau mwavuli kwa watu. Hilo nimelitanguliza hata kabla ya salamu, kwa sababu limenikaa kooni tangu jana barua yako ilipofika. Nikilichelewesha nitaanza kulilainisha, nawe unanijua, nikianza kulainisha maneno huishia kulia.

Sasa nakuamkia. Shikamoo, Mama yangu. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Bado unapanda ngazi za kanisa kwa kushika ukuta? Na yule mbuzi mwekundu, amezaa? Mimi huku ni mzima na nimenenepa kidogo mashavuni. Elia anasema ni baridi inanivimbisha, mimi nasema ni furaha. Yeye pia hajambo, anakusalimu kwa adabu zote, ingawa katika barua yako hukumtaja kwa jina. Umemwita "huyo karani". Mama, huyo karani ni mume wangu. Neno hilo nalipenda hata kuliandika. Mume wangu. Nimeliandika tena bila sababu yoyote.

Kaka Lazaro, wewe unayemsomea Mama barua hii, soma polepole na usiruke mahali. Nakujua. Ukifika penye kukuonea haya, kohoa, kisha uendelee.

Mama, unasema nimekuvunjia heshima Kisauni nzima. Fungate ya mwanamke wa kwetu ni siku saba, unasema, bibi arusi ndani, bwana arusi ndani, chakula kinaletwa mlangoni, mwiko haushikwi; na mimi nilitoka siku ya nne, mchana kweupe, kikapu mkononi, majirani wakinitazama. Unasema Elia amekuibia mtoto, kwa kuwa ni Mkamba, na watu wa bara hawajui fungate ni kitu gani. Kwa hiyo unataka nipande gari la moshi peke yangu, nirudi kwako, nizimalize siku tatu nilizoziacha, ndipo yeye aje kunichukua kwa heshima mbele ya watu.

Kwanza, Elia hakuniiba. Ile siku karatasi ya simu ilipoletwa kutoka ofisi ya reli Changamwe, kwamba karani wa stesheni ya Naivasha ameugua na Elia aende mara moja kushika nafasi yake, wewe ulikuwa jikoni unachambua mchele. Hukuyasikia yaliyosemwa chumbani. Elia aliisoma ile karatasi, akakaa kitandani, akasema, "Mke wangu, wewe baki. Mama amejitaabisha sana. Maliza siku zako, nami nitaomba ruhusa nije kukuchukua."

Nikamwuliza, "Nizimalize na nani?"

"Na Mama. Na somo yako."

"Elia," nikamwambia, "fungate ni ya watu wawili. Nikibaki humu peke yangu hiyo si fungate tena, ni eda."

Akasema, "Usiseme hivyo, Eunisi."

"Nimekwisha sema. Nipe kikapu kile."

Basi kikapu nilikipanga mimi. Leso nilizikunja mimi. Hata kofia yake nilimtafutia mimi, maana alikuwa amesimama katikati ya chumba hajui aitazame karatasi au anitazame mimi. Ukitaka mtu wa kumlaumu, mlaumu mwanao uliyemzaa na kumsomesha, na Elia umwache na usafi wake.

Na uliponiita mlangoni ukasema, "Eunisi, mwanangu, utatuaibisha," nilikusikia vizuri. Sikugeuka kwa sababu ningegeuka ningebaki. Najua pia habari ya wale kuku wawili uliokuwa umewatenga kwa siku ya saba, na ulivyowafungia chini ya tenga wasije wakakonda kwa kutembea. Hilo limeniuma. Lakini kuuma ni kuuma, na kurudi ni kurudi.

Hebu fikiri, Mama. Kisauni wakiona bibi arusi wa juzi anashuka peke yake na kikapu kichwani, ni nani atakayeuliza habari za fungate? Watasema amerudishwa. Watasema karani wa bara amemwonja akamtema. Na Elia naye atakuwa mume aliyemrudisha mke kwao kabla hata ya mwezi, na neno hilo litamfuata mpaka kwa wenzake wote Changamwe. Wewe unatafuta heshima ya siku tatu, nami ningepata jina baya la maisha. Sitaki.

Pili, na hapa ndipo utakaponiona mkaidi kweli, fungate yangu nimekwisha kuimaliza. Siku zake saba, ndani, mlango umefungwa, bila kushika mwiko. Kaa vizuri kitini nikuhadithie.

Safari ya Nairobi sitaisimulia sana, vumbi ulijualo na watu uwajuao. Elia alinipa upande wa dirisha njia nzima. Nikisinzia aliweka koti lake baina ya shavu langu na ubao. Lakini tulipoiacha Nairobi gari likaanza kupanda, likapanda tena, miti ikawa mikubwa na baridi ikaingia mifupani, kisha ghafla ardhi ikaisha. Mama, iliisha kweli. Chini yetu kulikuwa na bonde pana kiasi ambacho vivuli vya mawingu vilikuwa vinatembea ndani yake kama ng'ombe wanaorudi zizini. Katikati umesimama mlima mmoja peke yake, Longonot, umemeguka juu kama chungu kilichopasuka mdomo. Na nyuma ya mlima, likiwa limelala kimya, ziwa. Nilimshika Elia mkono mbele ya watu wote wa behewa. Mzee mmoja akageuza uso. Nikauacha mkono wangu pale pale.

Mji wenyewe ni mdogo, ukianza kuusifu umekwisha: stesheni, posta, maduka machache ya Wahindi yenye mapaa ya mabati, na njia moja ya vumbi. Lakini umezungukwa, Mama. Huku Longonot, kule mlima Eburru unaofuka mvuke kwenye nyufa zake utadhani kuna watu ndani wanapika, na mashariki milima ya Kinangop iliyojifunika wingu mpaka saa nne za asubuhi. Pundamilia wanalisha kando ya reli na hakuna anayewageukia. Siku ya kwanza nilimwona twiga akichungulia juu ya miti kama jirani anayetaka kujua tumepika nini. Nikasema ningeweza kuishi hapa mpaka nizeeke. Elia akasema, "Angalau kwanza tujue tutalala wapi."

Maana nyumba za stesheni zilikuwa zimejaa, na karani mgonjwa alikuwa bado amelala katika nyumba yake. Tukapewa chumba huku ziwani, penye pampu inayovuta maji ya magari ya moshi. Ni vyumba viwili vya mabati vilivyopakana. Kimoja anakaa mwangalizi wa pampu, Mjaluo mtu mzima aitwaye Okelo, pamoja na mkewe, Mama Achieng. Cha pili tukapewa sisi. Katika ukuta unaotutenga kuna kidirisha kidogo. Kutoka hapa hadi stesheni ni njia nyembamba inayopita katikati ya vichaka na migunga mirefu yenye magome ya manjano, mizuri kama imepakwa rangi.

Jioni ile ile nilijitia aibu, na nakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa mwingine. Nilitoka kulitazama ziwa, nikamkuta Mama Achieng anasugua sufuria ukingoni, amezipanga chini karibu kabisa na maji. Mwezi ulikuwa mpevu, umeanza kuchomoza. Nikamwambia kwa wema, "Mama, sogeza vyombo vyako. Leo bamvua, maji yatajaa yavichukue."

Akaacha kusugua. "Yatajaa kutoka wapi?"

Nikanyoosha mkono nimwonyeshe, ndipo nikaona ng'ambo. Kulikuwa na ng'ambo kila upande. Mkono ukabaki hewani.

Mama Achieng akageuka akaita, "Okelo, kuja usikie. Bibi ya karani anasema ziwa itatembea."

Okelo akaja na spana mkononi, akaelezwa, akalitazama ziwa kwa makini, akasema, "Mimi niko hapa miaka mingi. Haijaenda popote." Elia alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Na mimi, Mama, ndiye yule mwanao aliyesifiwa shuleni kwa jiografia, aliyesimamishwa mbele ya darasa aeleze habari za mwezi na bahari. Nilikuwa nimeyajibu yote vizuri kwenye mtihani. Lakini mtu aliyezaliwa Kisauni akiona maji mengi na mwezi mpevu, anaokoa vyombo kwanza.

Kesho yake asubuhi Elia alivaa shati jeupe na tai, tayari kwenda kuripoti kazini. Alikuwa kizingitini tuliposikia bunduki, kisha ikalia tena. Punde Okelo akaja mbio, akasema Mzungu mmoja mwenye shamba amempiga nyati risasi ya bega na hakumwua, na nyati ameingia katika vichaka vile vile vilivyo kati yetu na stesheni.

Mimi sikuelewa kwa nini wamebadilika nyuso. Nikamwambia Mama Achieng, "Si ng'ombe tu wa porini?"

Akanitazama kama alivyonitazama jana yake. "Simba inakuua juu ya njaa, ikishiba inalala. Hii inakuua juu ya hasira, na haiulizi nani aliikosea."

Baadaye kidogo askari wa afisa wa wanyama wa porini, yule ambaye huku wanamwita Bwana Nyama, walipita kwa toroli juu ya reli ndogo inayokuja kwenye pampu. Mmoja akapiga kelele, "Mtu asitoke nyumbani. Asitoke hata kuchota maji. Tukimpata tutapiga filimbi."

Elia akamjibu, "Mimi ni karani mpya. Natakiwa kazini."

"Karani," akasema yule askari, "nyati hajui kusoma tai." Akaongeza kwamba mkuu wa stesheni ameshapata habari, naye amesema tukae mpaka njia iwe salama.

Elia akarudi ndani, akafunga mlango, akasimama na tai yake. "Sasa tufanye nini?"

Mama, niliketi ukingoni mwa kitanda, nikakumbuka nilikotoka na nilipofikia. Nikamwambia, "Elia, vua viatu. Fungate inaendelea."

Lazaro, usikohoe bado, hapana neno hapa.

Mchana kidirisha kikagongwa. Sauti ya Mama Achieng ikasema, "Bibi ya karani, una unga? Unapika nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia kwetu pwani bibi arusi hukaa ndani siku saba, na mimi nilitoka kwa mama yangu zikiwa zimebaki tatu.

"Siku saba hapiki?"

"Hapiki."

"Hafagii?"

"Hafagii."

"Na bwana yake haendi kazi?"

"Haendi."

Kisha nikasikia kicheko upande wa pili, kizito, cha mtu anayejifuta macho. "Okelo, unasikia? Basi hii nyati ni ya kabila yao." Halafu akarudi kidirishani, na sauti yake imebadilika. "Sawa, mtoto yangu. Mimi nitapika. Wewe kaa na bwana yako. Lakini mama yako akiuliza, umwambie kuna mtu alikuangalia."

Basi nakuambia kama alivyoagiza: kuna mtu aliniangalia. Siku hizo tatu samaki wakavu, sima na uji vilipita katika kidirisha kile, sahani ikienda na sahani ikirudi. Samaki wa ziwani wana ladha ya tope kidogo, ungewakunjia uso. Mimi nilikula nikalamba vidole.

Na mume wangu, Mama. Niache niseme. Unajua tulivyokuwa kwenu zile siku nne, yeye anaogopa kucheka kwa sauti, mimi nasikiliza hatua zako ukumbini. Huku alinisuka nywele, vibaya sana, mistari imepinda kama njia ya mbuzi, nami sikuzifumua. Alinifundisha nyimbo za kwao za kuvunia mawele. Tulisimama dirishani tukiangalia Longonot ukibadilika, asubuhi bluu, mchana kahawia, jioni ukawa na rangi ambayo sijui jina lake na sikuitafuta. Viboko walikoroma ndani ya mafunjo kama wazee wa kanisa kwenye mahubiri marefu. Ndege waitwao mwari walitua juu ya maji mmoja mmoja, wakakunja mabawa kama mtu anayekunja leso. Sasa, Lazaro, kohoa. Nilikuwa na furaha ambayo nilidhani watu huiweka vitabuni tu ili vinunuliwe.

Lakini haikuwa kicheko tu. Siku ya pili yake Elia aliniuliza, huku ananisuka, kwa hiyo sikuona uso wake, "Mama yako akikataa kunipokea, utafanyaje?"

Nikamwambia, "Nitasimama nje pamoja nawe."

Akasuka mstari mmoja mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi mama yangu alikufa sijajua kuongea. Nilipokuwa nakuja kwenu kuposa, si wewe tu niliyekuwa namfuata. Mama yako alinimwagia maji ya kunawa mikono. Hakuna aliyewahi kunimwagia maji nikiwa mgeni, akaniambia, 'Nawa mpaka kwenye viwiko, umetoka mbali.'"

Mama, wewe hulikumbuki neno hilo. Yeye analo.

Siku ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, Mama Achieng alikuwa anaipokea sahani kidirishani, akaacha kuongea katikati ya neno. Nikasikia pumzi nje ya ukuta wetu. Pumzi nzito, yenye maji ndani yake. Kisha mabati yakaanza kulia, kwaruu, kwaruu, mnyama anajisugua bega lenye jeraha kwenye nyumba yetu, na nyumba nzima ikatikisika mpaka taa ikaanguka. Elia akavuta kitanda akakikandamiza mlangoni, akakiegemea kwa mgongo.

Akaninong'oneza, "Nenda kaketi kitandani."

"Kitanda umekiegemea wewe," nikamwambia. Nikaenda nikaegemea pamoja naye. Nilisikia moyo wake mgongoni, na nyuma ya mlango pembe zikigonga ubao, si kwa nguvu, kama mtu anayejaribu kujua kama wenyewe wapo. Sikuomba sala ndefu. Nilisema, "Bwana, tupo wawili," nikaona inatosha.

Filimbi ikalia. Toroli likanguruma juu ya reli. Mnyama akaondoka ukutani, tukasikia kwato, kisha bunduki, na baada ya bunduki hata ndege walinyamaza.

Kidirishani Mama Achieng akasema, "Karani, mko hai?"

"Tuko hai."

"Sahani yangu?"

"Imevunjika."

"Haya. Ya nyati hiyo."

Watu wakaanza kuja kutoka stesheni kwa ajili ya nyama, wanawake wa Kikuyu na wa Kijaluo na Mtaita mmoja, wana visu na makarai. Nikataka kukimbia nje nione. Mama Achieng alikuwa amekwisha fika mlangoni kwetu, akanizuia kwa mkono. "Ngoja. Kwenu siku ya saba inakuwa namna gani?"

Nikamwambia bibi arusi hutolewa nje, akaonyeshwa watu.

Akatwaa leso yangu mpya kambani, ile nyekundu uliyonipa wewe, akanifunika kichwa na mabega, akanishika mkono kama walivyonishika wanawake wa kwetu siku ya arusi. Akatangulia. Akawaambia wale wanawake, "Wekeni visu chini. Bibi arusi anatoka." Wakaweka visu na makarai. Mmoja akaanza vigelegele, wengine wakaitikia, kila mmoja kwa namna ya kwao. Askari wa Bwana Nyama wakavua kofia bila kujua wanavulia nini. Nikapitishwa polepole mbele ya watu, na nyati amelala pale pembeni, mkubwa kama mashua, na Elia nyuma yangu na tai aliyoivaa upesi upesi ikiwa imegeuka. Mama, sijasikia bibi arusi wa Kisauni aliyetolewa ndani kwa heshima kama hiyo.

Sasa umwulize Bi Marita, somo yangu aliyenifunda, nimevunja sharti gani. Mlango ulifungwa. Mwiko sikuushika. Mume hakwenda kazini. Chakula kililetwa na mwanamke mtu mzima. Siku ya saba nilitolewa hadharani. Kama atasema si fungate kwa kuwa haikuwa Kisauni, basi anieleze mlango wa Kisauni una nini ambacho wangu hauna. Wangu umegongwa na pembe.

Atasema siku za garini zilikatiza. Nitamjibu kwamba hata garini sikupika, maana tulikula mahamri. Nilipofungua kikapu, tulipokwisha pita Voi, niliyakuta chini ya leso, yamefungwa kwa kitambaa chako cha jikoni, bado laini. Sikuyaweka mimi. Elia hakuyaweka. Na yalikuwa mengi mno kwa mtu mmoja. Mama, ulipokuwa unaniambia nitawaaibisha, kitambaa kile kilikuwa tayari kikapuni. Sikuuliza neno katika barua ya kwanza, wala sasa siulizi. Nimekwambia tu kwamba niliyahesabu kuwa ya watu wawili, na tuliyala watu wawili.

Kuna habari nyingine, nayo hutaipenda. Karani wa zamani amepewa ruhusa ya kwenda kwao kuuguzwa, na hatarudi. Elia amethibitishwa kazini hapa. Tutakaa huku. Tutahamia nyumba ya stesheni, yenye jiko lake na ua mdogo, na mkuu wa shule ya kanisa amekwisha kuniuliza kama ningependa kuwafundisha wasichana. Nimekubali kabla hajamaliza kuuliza. Elia amepewa ruhusa aje pwani kuchukua vyombo vyetu Changamwe, na nitakuwa naye.

Nisalimie Bi Marita, umwambie mafunzo yake hayakupotea. Nisalimie Mjomba Petro, mpiga kengele wa kanisa, aliyelia arusini kuliko wewe. Msalimie Shangazi Fibi wa Likoni, dada wa marehemu Baba, ambaye ameniandikia kwamba nyumba yake iko wazi kwetu sote wawili siku yoyote. Sitaki kulala Likoni. Lakini nimekuambia ili ujue kwamba tuna pa kulala, na kwamba tukija kwako tumekuja kwa sababu ni kwako. Nawe Kaka Lazaro, mwandishi na msomaji, nakushukuru kwa kuandika "huyo karani" kwa herufi ndogo kabisa. Niliona.

Mama yangu, hutanisubiri siku nyingi. Kabla mwezi huu haujaisha tutashuka stesheni ya Mombasa na tutavuka daraja la Nyali kwa miguu, saa za alasiri, wakati majirani wote wamekaa nje, kwa sababu nataka watuone. Nitapita mbele ya kila mlango uliosema, na nitawasalimu wote kwa majina. Kile kitanda changu chembamba cha usichana mpe Lazaro. Tutandikie kikubwa, Mama, na mito miwili.

Ni mimi mwanao,
Eunisi, mke wa Elia